DP, tiki za bluu na status: kuipima WhatsApp kwa macho ya anayejali anavyoonekana

Watu wakiisifia WhatsApp husifia kutuma ujumbe kwa bei ya bando. Hapa inapimwa kwa kazi yake nyingine, ile inayowanyima wengi usingizi: kuamua nani akuone, akuone vipi, na ajue nini kuhusu ulivyoupokea ujumbe wake. Kazi hiyo si nyongeza iliyobandikwa baadaye. Jan Koum alipoanza kuitengeneza mwaka 2009, wazo lilikuwa kuweka maneno machache pembeni ya jina la mtu, ili marafiki wajue kama yuko kazini, yuko mazoezini au chaji inamwishia. Kuchati kulifuata baadaye mwaka huohuo. Kwa hiyo anayeilalamikia WhatsApp kwamba imekuwa jukwaa la kujionyesha anailaumu kwa kitu ilichozaliwa nacho.

Hukumu niitoe mapema. Kwa kuficha, WhatsApp inafanya vizuri. Kwa kuonyesha uso tofauti kwa watu tofauti, inafeli kabisa: bosi, wakwe, wanakwaya na washkaji wote wanapewa jina moja na picha moja. Na karibu kila unachoficha kinaacha alama, na watu wetu ni hodari wa kusoma alama.

Jina na picha

Una majina mawili, na wengi wanalijua moja tu. La kwanza ni lile mtu alilokuhifadhia kwenye simu yake. Kama amekuandika "Fundi Bomba" au "Usipokee", ndivyo utakavyosomeka kwake, na hakuna kitufe cha kulibadilisha ukiwa upande wako. La pili ni lile uliloliandika mwenyewe, lisilozidi herufi 25. Hilo wanaliona wasio na namba yako, na kwenye makundi hutanguliwa na kialama cha wimbi (~).

Hao wasio na namba yako ndio hasa wanaokuwa wanakupima: mwajiri uliyemtumia maombi jana, mteja mpya, mwenye nyumba, mweka hazina wa kamati. Halafu wanakutana na "~Queen👑", au nukta tupu. Jina la muamala wa M-Pesa linasoma Rehema, la WhatsApp linasoma Queen, na mweka hazina anabaki kuuliza kwenye kundi zima ni nani huyu aliyetuma elfu hamsini. Weka jina unaloitwa na watu pamoja na la ukoo. Ukitaka kuongeza kazi, ongeza neno moja tu. Kisha chukua simu ya mtu ambaye hajakuhifadhi, uitumie ujumbe, uangalie kinachotokea. Hiyo ndiyo sura ambayo wewe mwenyewe huwa huioni.

DP, yaani picha yako ya wasifu, hukatwa kuwa duara dogo kwenye orodha ya mazungumzo. Picha ya harusi yenye watu sita hapo inageuka kuwa bega la mtu na kipande cha pazia. Uso ujaze karibu theluthi mbili za duara, nyuma pawe wazi, na ukimaliza uitazame ikiwa ndogo kwenye orodha kabla ya kuifungua. Kwa wanaoruhusiwa kuiona, nenda Mipangilio, kisha Faragha: unaweza kuchagua kila mtu, waliomo kwenye simu yako, waliomo isipokuwa fulani na fulani, au asiione yeyote. Uzuri wa DP ni kwamba ukiificha hutozwi chochote. Za wenzako utaendelea kuziona. Ubaya ni huu: ukimfungia mtu aliyezoea kuiona, anakutana na kiduara cha kijivu na moja kwa moja anashuku kala bloku. Unataka tu asiione picha yako ya ufukweni, yeye anapokea ugomvi.

Yuko hewani lakini hajibu

Kuonekana hewani maana yake programu iko wazi kwenye skrini na intaneti inafanya kazi, basi. Haimaanishi kwamba amesoma ujumbe wako, wala kwamba anachati na mwingine. Huenda anatafuta risiti ya umeme wa LUKU ya wiki iliyopita. Maneno mengi ya "saa nane usiku ulikuwa unaongea na nani" yamejengwa juu ya kutolijua hili.

Mara ya mwisho kuonekana inafichika siku nyingi. Kuficha kule kuwa hewani kwenyewe kulikuja mwaka 2022. Vyote viwili vina sharti: ukiwanyima watu, nawe unanyimwa ya kwao. Ukitumia chaguo la "isipokuwa", unanyimwa za wale uliowatoa tu, na hili ndilo chaguo la mwenye akili. Anayeficha kwa kila mtu anajifungia nje kwa sababu ya watu watatu.

Kinachowasaliti wengi ni maneno "anaandika…" juu ya skrini. Hayo hayana kitufe cha kuzima. Mtu ameficha kila kitu, kisha anaandika, anasita, anafuta, anaanza upya, na mwenzake ametulia anatazama maneno yakiwaka na kuzimika. Kwa ujumbe mzito, wa kuomba mkopo, kuomba radhi au kukataa posho ndogo, uandike kwanza kwenye mazungumzo yako na wewe mwenyewe (huduma ya kujitumia ujumbe ipo tangu mwaka 2022), kisha unakili na kubandika. Utaonekana umejibu kwa sentensi iliyotulia. Kurekodi sauti nako kunaonyeshwa vivyo hivyo, ila huko hakuna njia ya mkato.

Tiki

Tiki moja ya kijivu: ujumbe umetoka kwako. Mbili za kijivu: umefika kwenye simu yake. Mbili za bluu: umefunguliwa. Bluu ilikuja Novemba 2014, watu wakapiga kelele, na muda si mrefu kikaletwa kitufe cha kuizima. Tiki moja inayodumu siku nzima inaweza kuwa simu imezimwa, bando limekata, au bloku. WhatsApp imelifanya hili lisieleweke kwa makusudi ili kumlinda aliyebloku, kwa hiyo usimpigie mtu simu kumshtaki kwa ushahidi wa tiki moja.

Kuzima bluu kuna mashimo mawili ambayo wengi huyagundua wakiwa wameshaumbuka. Kwanza, kwenye makundi haizimiki. Aliyeandika anabonyeza ujumbe wake kwa sekunde mbili, anafungua maelezo, anapewa orodha ya waliosoma na waliofikiwa tu. Pili, ujumbe wa sauti: ukiusikiliza, alama ya maikrofoni inageuka bluu hata kama tiki umezima. Kwa hiyo yule anayekuambia "sijaona meseji yako" huku ameisikiliza sauti yako hana pa kujificha. Kuwasha hali ya ndegeni, ukasoma, ukazima, kunachelewesha tu: simu ikirudi hewani, bluu inaondoka kwenda kwake. Cha uhakika ni kusoma kwenye arifa bila kufungua, na arifa ina mistari michache.

Kuna hasara nyingine, nayo inawauma wafanyabiashara. Ukizima bluu, hata orodha ya walioangalia status yako inapotea. Dada anauza vitenge kwa status, amezima tiki ili wadeni wasimfuatilie, kisha analalamika kwamba siku hizi watu hawaangalii bidhaa zake. Wanaangalia, aliyezima taa ni yeye. Ushauri wangu kwa laini ya kazi: acha bluu iwake, na ukishafungua ujumbe andika hata "nimeona, nakujibu jioni." Kufungua na kukaa kimya ndiko kunakotafsiriwa kuwa dharau. Rangi peke yake haina neno.

Status

Hapa ndipo patamu. Status za picha na video zilianza Februari 2017, zinakaa saa 24, na zinaonekana tu pale ambapo wote wawili mmehifadhiana namba. Sharti hili la pande mbili ndilo linalowaangusha wauzaji wapya: mteja amekupigia, wewe umemhifadhi, yeye hajakuhifadhi, na status zako ishirini hazijamfikia hata moja. Mwambie waziwazi akuhifadhi kabla mazungumzo ya bei hayajaisha.

Wa kuonyeshwa unawachagua kwa namna tatu: wote waliomo kwenye simu, wote isipokuwa wachache, au wachache tu uliowataja. Mabadiliko hayarudi nyuma. Ukishaweka picha kisha ukakumbuka kwamba shemeji yumo, kumtoa sasa kunahusu status zijazo. Iliyokwishawekwa lazima uifute.

Vijembe navyo vina nafasi yake. Pwani kazi hiyo ilifanywa na kanga: unanunua yenye jina linalomhusu jirani, unapita nayo mlangoni kwake, na mtaa mzima unasoma. Status imerithi kazi hiyo na kuongeza mambo mawili ambayo kanga haikuwa nayo. Unapata orodha ya waliosoma, pamoja na saa. Na unaweza kumvalisha kijembe mtu mmoja tu: ukichagua kuonyesha kwa namba moja pekee, mlengwa hana njia ya kujua kwamba ni yeye peke yake aliyeonyeshwa. Ataamini ukoo mzima umesoma. Kama chombo, hicho ni kikali kuliko inavyofaa. Nakitaja ili anayekumbana na fumbo asikimbilie kudhani ameaibishwa hadharani.

Upande wa pili, usiitegemee orodha ya walioangalia kana kwamba ni mahudhurio ya darasani. Aliyezima tiki haonekani humo. Aliyeinyamazisha status yako hukuarifiwa. Aliyeoneshwa na binamu yake mezani hana jina popote, na aliyepiga picha ya skrini hatajwi. Wanaoposti kitu, wakasubiri jina fulani litokee, na kulirudia kuliangalia kila baada ya nusu saa, wanapima kitu ambacho kipimo hakikipimi. Ukijikuta humo, orodha inakuambia zaidi kuhusu wewe na huyo unayemsubiri kuliko kuhusu alichokiona.

Idadi nayo ina lugha yake. Duara la status hukatwa vipande kulingana na ulichoweka. Ukiweka thelathini linakuwa nukta nukta, na watu wanagusa kupita kwa kasi bila kusoma. Tatu hadi tano kwa siku zinatosha, na ile muhimu itangulie, kwa kuwa wengi hutoka baada ya mbili za mwanzo.

Kundi la mchango

Hakuna mahali WhatsApp inapoijaribu heshima ya mtu kama kundi la mchango wa harusi. Tazama orodha yenyewe inavyopita:

1. Mama Salma – ahadi 100,000, ametoa 50,000
2. Baba Juma – 150,000 ✅
3. Shangazi wa Tanga – ahadi 70,000

Kila anayejaza ananakili orodha nzima, anaongeza jina lake, anaibandika upya. Wawili wakifanya hivyo ndani ya dakika moja, wa pili anabandika nakala ambayo haina jina la wa kwanza, na aliyetoa laki anaonekana hajatoa hata mia. Ugomvi wa "mbona jina langu limefutwa" unatoka hapa, na aghalabu hakuna aliyefuta. Dawa ni mtu mmoja tu kuigusa orodha: admin aruhusu maadmin pekee kuandika, mweka hazina apokee taarifa pembeni na kubandika orodha moja jioni, kisha aibane juu ya kundi. Kubana kuna muda wa saa 24, siku 7 au siku 30, chagua 30. Asitegemee kuhariri orodha ya jana, kwa maana ujumbe unaharirika ndani ya dakika 15 tu.

Kwa ambaye hali yake haijakaa vizuri: mwandikie mweka hazina pembeni kabla tarehe ya ahadi haijafika, umwambie kiasi na siku. Jina lisilo na tiki ya kijani halitaondoka kwenye orodha, lakini maneno ya "wale ambao bado" hayatakulenga.

Kutoka kimyakimya kuliletwa mwaka 2022 na kunasifiwa kupita kiasi. Ukitoka, wanaojulishwa ni maadmin tu. Kwenye kundi la mchango, maadmin ndio kamati, yaani walewale ambao hukutaka wajue. Na kwa siku 60 yeyote kundini anaweza kufungua orodha ya waliotoka na kulikuta jina lako. Kunyamazisha kundi moja kwa moja na kulihamishia kwenye kumbukumbu kunakupa utulivu uleule bila kumkwaza mtu. Tangu mwaka 2021 kundi lililohifadhiwa huko halirudi juu kila ujumbe ukiingia.

Kinga bora ni ya kabla. Kwenye Faragha, sehemu ya makundi, chagua nani anaruhusiwa kukuingiza. Asiyeruhusiwa atalazimika kukutumia mwaliko binafsi, nao unakwisha baada ya siku 3. Mwaliko ukikwisha wenyewe hausikiki kama kukataa.

Kufuta, kuhariri, kufowadi

Kufuta kwa wote kunaruhusiwa hadi siku mbili na saa 12 baada ya kutuma. Kunabaki kibandiko kinachosema ujumbe umefutwa, nacho kinavuta macho kuliko ujumbe wenyewe. Zaidi ya hapo, simu za Android kuanzia toleo la 11 zina historia ya arifa: aliyeiwasha anasoma maneno ya arifa za saa 24 zilizopita, yakiwemo ya ujumbe uliokwisha kufutwa. Kwa hiyo ukituma kundi la kazini kitu kilichokuwa cha mchumba, futa haraka, kisha andika neno: "samahani, lilikuwa la kundi lingine." Ukifuta na kunyamaza, watu ishirini watauliza ulifuta nini.

Kosa linalojirudia zaidi ni kubonyeza "futa kwangu" badala ya "futa kwa wote". Ujumbe unapotea kwako, wengine wanabaki nao. Kuna sekunde 5 za kutengua, kitufe kiko chini ya skrini. Usiguse kitu kingine kwanza.

Kuhariri kunafaa kwa tahajia na tarakimu. Kunaacha neno dogo la kuonyesha ujumbe umehaririwa, hakutumi arifa mpya, na hakuonyeshi ulichoandika mwanzo.

Salamu za Idi na Krismasi: ujumbe uliofowadiwa unabeba mshale, na uliopitia mikono mingi unabeba mishale miwili. Shangazi akipokea dua yenye mishale miwili anajua hukuiandika wala pengine hukuisoma. Mistari miwili yenye jina lake inatosha, na haimalizi dakika.

Uso wa pili unapatikana kwa laini ya pili

Kwa kuwa programu haikupi picha mbili kwa namba moja, suluhisho ni namba mbili, na simu zetu nyingi zina nafasi mbili za laini. Tangu mwaka 2023 WhatsApp ya Android inakubali akaunti mbili ndani ya programu moja. Kwa mwenye biashara, ofisi ya mtu mmoja au anayetafuta kazi, bora zaidi ni kuweka laini ya pili kwenye WhatsApp Business, ambayo ni bure. Namba moja haikai kwenye zote mbili kwa wakati mmoja, ukiihamisha, imehama.

Weka saa za kazi, anwani na maelezo mafupi. Kisha ujumbe wa kutokuwepo, na hapa angalia sana: sehemu ya wapokeaji, usichague kila mtu. Chagua wasiomo kwenye orodha ya namba zako. La sivyo mjomba atakuandikia saa tano usiku kwamba kuna msiba, naye atajibiwa papo hapo, "Asante kwa kuwasiliana nasi, tutakuhudumia kuanzia saa mbili asubuhi." Ujumbe huo unatoka tu simu ikiwa na intaneti, hivyo usiuhesabie siku ambazo bando limekwisha. Salamu ya kumkaribisha mteja inakwenda mara ya kwanza anapoandika, na tena baada ya siku 14 za ukimya.

Matoleo yasiyo rasmi kama GBWhatsApp, yanayojigamba kuficha "anaandika…" na kuonyesha ujumbe uliofutwa, siyapi alama yoyote. Yanaifungisha namba yako, mara nyingi kwa muda, wakati mwingine moja kwa moja, na mazungumzo yako yanapitia kwenye programu ya mtu usiyemjua.

La mwisho linalosahaulika: chaguo la "isipokuwa" halijui unayemhifadhi kesho. Kila namba mpya inaingia upande wa wanaoruhusiwa. Ukihifadhi namba ya bosi mpya, mwenye nyumba au wakwe, rudi siku hiyohiyo kwenye status, DP na mara ya mwisho kuonekana, uwaongeze kwenye kila orodha, maana ziko tatu na hazisomani.